Mshipa Mkuu Unapochanika

Maumivu ya kifua yana majina mengi mitaani mwetu: kichomi, vidonda vya tumbo, gesi, uchovu wa kazi. Yako maumivu ambayo hayastahili kupewa jina la kukisia hata kwa nusu saa. Humjia mtu ghafla, makali tangu dakika ya kwanza, kana kwamba kitu kinapasuliwa kifuani au mgongoni baina ya mabega. Aghalabu mwenyewe ni mtu wa makamo au zaidi, mgonjwa wa shinikizo la damu, na vidonge amekwisha kuviacha kabatini kwa kuwa alijiona mzima.

Huenda hapo mshipa mkuu umechanika. Mshipa huo, ambao madaktari huuita aota, hutoka moyoni, hupinda kama mpini wa bakora, kisha huteremka sambamba na uti wa mgongo. Lita tano hivi za damu hupita humo kila dakika. Shinikizo likiwa kubwa kwa miaka mingi, tabaka la ndani la ukuta wake huweza kuchanika, damu ikajipenyeza kati ya matabaka na kuyatenganisha. Kwa wengine mshipa hutanuka polepole, mfano wa tyubu ya baiskeli iliyovimba upande mmoja. Wengine huchanika kwa ajali, gari linapogonga na kusimama ghafla. Na barabara kuu ya kutoka Dodoma kwenda Nzega hupita Singida.

Zamani tiba ilikuwa moja tu: kukipasua kifua na kushona mshipa wa bandia. Mwezi Machi 1987, huko Kharkiv nchini Ukraine, daktari Nikolay Volodos aliukarabati mshipa huo kifuani bila kukifungua kifua. Mrija wa kitambaa maalumu wenye springi za chuma hukunjwa ukawa mwembamba, ukapitishwa katika mshipa wa kinena na kupandishwa hadi mahali palipoharibika, daktari akiufuatilia kwa eksirei. Ukifika huachiwa ukajitanua, damu ikapita ndani yake, na ukuta mbovu ukapumzika.

Yafaa ieleweke kwamba si kila mgonjwa atatibiwa hivyo. Mpasuko ulio jirani na moyo kwa kawaida bado hudai kisu, tena upesi. Ule wa sehemu inayoteremka mara nyingi hutulizwa kwa dawa za kushusha shinikizo na mapigo ya moyo, na mrija huwekwa hali ikizidi kuharibika. Nayo kazi hiyo ina hatari zake: miguu yaweza kupooza, kwa sababu mishipa inayolisha uti wa mgongo huchipuka papo hapo.

Kabla ya mwaka 2008, ambapo upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili, Mtanzania aliyeuhitaji aghalabu alipelekwa ng'ambo, hasa India. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ilianzishwa mwaka 2015, na Dodoma nako Hospitali ya Benjamin Mkapa hutibu moyo. Lakini kutoka Singida hadi Dar es Salaam ni kilometa zipatazo 700, na mpasuko mbaya huua kwa saa, si kwa majuma. Kwa hiyo mwanzo wa tiba ni pale mjini Singida: mgonjwa apimwe shinikizo mikono yote miwili, kwani tofauti kubwa baina yake ni dalili, kisha lishushwe kabla ya safari. Jamaa wanaompeleka waseme waziwazi kwamba maumivu yalianza ghafla, na kama dawa ziliachwa, ziliachwa lini. Neno hilo moja humwokolea daktari muda mwingi.

Aliyewekewa mrija naye hajamaliza. Damu huweza kuvuja nyuma yake pasipo maumivu yoyote, hivyo hupigwa picha tena na tena kwa miaka. Kwa mkulima wa alizeti wa Iramba, nauli ya safari hizo ni sehemu ya matibabu, na ukoo uihesabu tangu siku ya kwanza.