Umeona wapi mti mwekundu?

Mpe mtoto wa darasa la pili karatasi na penseli za rangi, mwambie achore mti. Mara nyingi atachora shina la kahawia lililonyooka kama nguzo ya umeme, juu yake wingu la kijani, na ndani ya wingu matunda mekundu ya mviringo. Matunda hayo ni matufaha. Ameyaona kwenye bango la herufi ukutani. Mtoto huyo anaishi Mpanda, na kutoka mlangoni kwao hadi shuleni hapiti kwenye mtufaha hata mmoja. Anapita kwenye miembe, mipapai na mijohoro, na akitoka nje ya mji kidogo anakuta mitundu, mininga na mikwaju.

Mti ule wa bangoni hupata alama ya vema. Mwenzake akichora mti wenye shina jeusi lililopinda na majani mekundu, huulizwa, tena kwa sauti ya juu: "Umeona wapi mti mwekundu? Rudia."

Ameuona hapa hapa Katavi, mwezi wa Septemba.

Sehemu kubwa ya mkoa huu ni misitu ya miombo. Kiangazi chake ni kirefu, kuanzia Mei hadi Oktoba, na katika miezi hiyo majani hupukutika na moto wa nyika hupita huku na kule. Kisha, wiki kadhaa kabla ya mvua ya kwanza, ardhi ikiwa bado kavu, miti huanza kutoa majani mapya. Majani hayo hutoka mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine ya waridi. Kijani huja baadaye, jani linapokomaa. Wataalamu wa mimea hueleza kuwa wekundu huo hulikinga jani changa dhidi ya jua kali. Shina lililopitiwa na moto, kwa upande wake, hubaki jeusi. Na mninga ukikatwa, hutoa utomvu mwekundu unaofanana kabisa na damu. Kwa hiyo mtoto aliyechora shina jeusi na majani mekundu ametazama vizuri kuliko mtu mzima aliyemsahihisha.

Ubishi huu kuhusu rangi ya mti haukuanzia kwetu. Oktoba 1888, kijana wa Kifaransa aitwaye Paul Sérusier, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa Pont-Aven, mji mdogo wa magharibi mwa Ufaransa. Alikuwa amesomea uchoraji Paris, akafundishwa kuchanganya rangi kwa uangalifu ili mti ufanane na mti. Mchoraji aliyemzidi umri, Paul Gauguin, akampeleka kwenye kijisitu kando ya mto. Akamuuliza anaionaje ile miti. Kama anaiona ya njano, basi aweke njano. Kama kivuli anakiona cha bluu, aweke bluu iliyokolea. Na majani mekundu ayapake wekundu mkali kuliko wote alionao.

Sérusier alifanya hivyo kwenye kibao kidogo, ukubwa wake unakaribia karatasi ya A4. Aliporudi nacho Paris, wachoraji vijana wenzake walikipa jina la Talisman, yaani hirizi. Leo kimo katika jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kutazama miti ile ya njano na bluu.

Mwaka uliofuata, 1889, Vincent van Gogh alikuwa amelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Saint-Rémy, kusini mwa nchi hiyo hiyo. Jirani na hospitali kulikuwa na mashamba ya mizeituni. Aliichora mizeituni ile katika picha zipatazo 15, mashina yamejikunja na kujisokota kama watu wenye maumivu au wanaocheza ngoma, mtazamaji ataamua mwenyewe. Mashina ya aina hiyo yangepata alama mbaya kwenye madaftari mengi. Lakini mzeituni mzee ndivyo ulivyo, umejikunja kweli. Van Gogh alitazama mti uliokuwa mbele yake, akauchora pamoja na jinsi ulivyomgusa.

Tanzania nayo ina wachoraji wake wa kuwatajia watoto. Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, alichora maisha ya vijiji vya Kilimanjaro pamoja na miti na migomba yake, na picha yake moja imehifadhiwa katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Edward Saidi Tingatinga wa Tunduru alipaka rangi ya baiskeli kwenye mbao za dari. Hakusubiri vifaa vya dukani.

Kuna wazazi wanaokosea kwa upande mwingine. Mtoto akichora mti mweusi, wanashtuka: ana huzuni, ana tatizo, amerogwa. Hofu hii ina historia, kwani mwaka 1949 Mswisi Karl Koch alitoa kitabu kinachotumia mchoro wa mti kupima tabia ya mtu. Kazi hiyo waachiwe wenye taaluma, na hata wao hawaamui kwa mchoro mmoja. Mti mweusi uliochorwa Katavi wakati wa kiangazi huenda ni mti ulioungua, basi. Mtoto akibadilika kwa kula, kulala au kucheza, hilo ndilo la kufuatilia, awe anachora au hachori.

Kinachofaa ni kuuliza, na swali lisiwe mtego. Badala ya "Mbona umekosea?", jaribu "Huu ni mti gani, mwanangu?" Huenda akajibu, "Ule wa kwa bibi." Ukimuuliza mbona una matawi mawili tu, huenda akasema, "Baba mdogo amekata mengine, amechoma mkaa." Hapo mzazi anagundua kwamba mtoto ana habari ambayo hakuna aliyemwuliza. Watoto wa mkoa huu wanaona magunia ya mkaa barabarani na kuni za kukaushia tumbaku zikirundikwa. Wakichora visiki, wanachora walichokiona. Anayeambiwa afute kisiki na kuweka mtufaha anajifunza jambo moja haraka sana: kwamba watu wazima hawataki kujua alichokiona.

Babu na bibi wanaweza kuusaidia mchoro huo kuliko mwalimu yeyote. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju ambao kwa masimulizi ya wenyeji unakaa roho ya mwindaji Katabi, ambaye jina la eneo linatokana naye. Watu wamekuwa wakiacha sadaka chini ya mti huo. Mtoto akisimuliwa habari hiyo kisha akapewa karatasi, mkwaju wake hautafanana na wa bangoni.

Karatasi yenyewe si lazima iwe ya kununua. Nyuma ya kalenda ya mwaka jana panafaa, na boksi lililokatwa pia. Kipande cha mkaa kutoka jikoni huchora shina zuri kuliko penseli, na udongo mwekundu uliolowekwa hupaka majani.

Septemba hii, mkipita kwenye mtundu uliochipua, simameni kidogo mtoto auchore kama ulivyo siku hiyo. Mrudi hapo kila Jumapili, achore tena mti ule ule, na muweke tarehe kwenye kila karatasi mpaka kijani kitakapofika.