Tuwaachie Watoto Uwanja Wao

Kila zinapotajwa mbio za dunia, Karatu nayo hutajwa. Huko ndiko alikozaliwa Filbert Bayi mwaka 1953, siku ambazo Karatu ilikuwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Bayi aliongoza mita 1,500 tangu mwanzo hata mwisho, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, nayo ikawa rekodi ya dunia. Mwaka 1975, huko Kingston, Jamaica, akaivunja na rekodi ya maili moja.

Tangu siku hizo wako watu, wageni na hata wenzetu, wasemao kwamba watu wa nyanda hizi huzaliwa na mbio katika damu. Sisi neno hilo hatulikubali. Kumwambia mtu kwamba ushindi wake ni wa damu ni kumnyang'anya jasho lake. Tena ni kujipa kisingizio cha kukaa bure, tukingoja Bayi mwingine azaliwe.

Ni kweli kwamba nchi ya juu yasaidia. Ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, na mwili uliozoea hewa nyepesi hujifunza kuitumia vizuri. Lakini milima haikuhama tangu mwaka 1974. Kilichobadilika ni maisha ya mtoto.

Tutazame watoto wa zamani walivyokua. Mtoto wa Kiiraqw alipanda na kushuka vilima nyuma ya mifugo, akaruka vijito, akabeba kuni, akashindana na wenzake kutupa mawe. Wamasai wa Endulen na Nainokanoka huruka juu penye ngoma, na watoto huanza kuwaiga wangali wadogo. Mtoto wa Kihadzabe kando ya Ziwa Eyasi hushika upinde mapema, hupanda miti, huchimba mizizi. Hakuna aliyewaambia kwamba hayo ni mazoezi. Walakini mguu ulijifunza kutua, jicho likajifunza kupima, na mwili mzima ukajua kujizuia usianguke.

Na faida ya mwili uliofunzwa mambo mengi twaiona kwa Bayi mwenyewe. Munich mwaka 1972, akiwa na miaka 19, aliingia mita 1,500 na pia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Moscow mwaka 1980 akarudi katika hizo za viunzi. Mkimbiaji huvuka viunzi 28, na dimbwi la maji mara 7. Bayi akatwaa medali ya fedha. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui akatwaa fedha ya mita 5,000. Hata baada ya Paris 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata.

Hatusemi kwamba mtoto atolewe darasani arudishwe machungani. La, hasha! Shule tuliipigania, na mtoto wa mfugaji ana haki nayo sawa na mwingine yeyote. Twasema kwamba shule iliyochukua saa zake za kukimbia na kuruka yapaswa kumrudishia nyingine.

Lakini je, hali ikoje? Kipindi cha michezo kimeandikwa katika ratiba, na mara nyingi hesabu hukimeza. Uwanja humegwa, leo kipande cha mahindi, kesho kiwanja cha nyumba. UMITASHUMTA ikikaribia, huchaguliwa watoto kumi wenye mbio, na waliobaki huambiwa wapige makofi. Msichana akitoka darasani hungojwa na ndoo na jiko. Na mtoto wa miaka kumi aliyeonekana ana kipaji hupelekwa barabarani kukimbia mwendo ule ule kila siku, hali mifupa yake ingali inakua. Akiumia goti, au akichoka moyo kabla ya kufika sekondari, husemwa kwamba hakuwa na bahati.

Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate walau wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili sawasawa. Gharama yake si kubwa. Kamba ya kuruka na ya kuvutana, mpira wa matambara, matairi makuukuu na viunzi vya matete vyatosha. Rede, kombolela, kupokezana vijiti na ngoma za kwetu watoto wanazijua tayari. Wacheze wote, wavulana kwa wasichana, na mchezo ubadilike siku hata siku. Kumchagua bingwa kungoje mpaka mwili ukomae.

Wanachama mlio katika kamati za shule, tangu Rhotia hata Endulen, kazi hii ni yenu. Katika mkutano ujao ulizeni mambo matatu: mipaka ya uwanja wa shule iko wapi, nani ameumega, na kipindi cha michezo hufundishwa siku gani. Msikubali kujibiwa kwa maneno. Nendeni uwanjani mkaione mipaka kwa macho yenu. Mtoto hana kiti katika mkutano huo, na ardhi yake ikishauzwa hairudi kwa urahisi.