Riwaya Haiandikwi Dirishani mwa Basi

Hivi, waandishi wenzangu, ni nani aliyetudanganya kwamba kijiji kinaonekana vizuri kupitia dirisha la basi?

Naanza na aibu yangu mwenyewe, msije mkasema natupa mawe nikiwa nimejificha. Mswada wa riwaya yangu una kurasa tisini. Katika ukurasa wa 41 shujaa wangu anaondoka Butiama baada ya chai ya asubuhi, anatembea kwa miguu, na saa nne yuko Musoma anaoga ziwani. Nilimsomea mama mmoja muuza dagaa, mwenyeji wa Butiama. Alicheka mpaka akaweka kopo la kupimia chini. "Mwanangu, huyo mtu wako ana miguu au ana mabawa?"

Ni kama kilomita 40, ndugu zangu. Njia hiyo nimepita mara nyingi mno, nikiwa nasinzia ndani ya Haisi.

Ndiyo maana nimepanga kutembea. Musoma, Butiama, Bunda, siku sita, kwa miguu. Nilipowaambia washikaji kijiweni, wa kwanza akauliza, "Kwani nauli huna?" Wakacheka wote. Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Mzungu akitembea siku sita Kilimanjaro tunamwita mtalii, tena tunambebea mzigo. Kijana wa Musoma akitembea siku sita kwenye ardhi ya babu zake tunamwita hohehahe.

Tena tunasahau upesi. Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere, rais wa nchi, alitoka kwao Butiama akatembea hadi Mwanza kwenye mkutano wa TANU. Ni kama kilomita 200, na gari alikuwa nalo. Mwaka huo huo vijana wengi walitembea kuunga mkono Azimio la Arusha, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa safarini. Sisemi turudishe matembezi ya chama, siasa ya wakati ule kila mtu na aipime mwenyewe. Nasema tu kwamba kutembea hapa kwetu kuliwahi kuwa kauli. Leo kumekuwa kichekesho.

Tazameni majirani zetu wa ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza aliandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, kitabu cha Kiswahili kikatoka 1980. Myombekere anakwenda ukweni kumrudisha mkewe, na wewe msomaji unakwenda naye, unaijua njia, unaujua mlango unaobishwa hodi. Euphrase Kezilahabi naye alipoandika Rosa Mistika, iliyotoka 1971, alianzia Namagondo, kijijini kwao. Hawa hawakuhitaji kubuni umbali. Sisi tunaandika "kijiji kimoja kilichopo mbali na mji", halafu tunajiita wanariwaya! Mbali kiasi gani? Kina maji? Wanasalimiana kwa lugha gani, Kizanaki, Kiikizu au Kijita?

Nakubali, wapo wenye hoja nzito kuliko ile ya nauli. Dada mmoja, mwandishi chipukizi kama mimi, aliniambia hivi: "Kaka, wewe ukichelewa njiani utaomba kulala popote. Mimi nikichelewa, ni balaa. Na yule mama anayetembea na ndoo kichwani hatafuti riwaya, anatafuta maji." Nilinyamaza. Usiku ule sikuandika neno. Ni kweli. Kwa wengi wetu kutembea si starehe, ni kukosa. Na anayeweza kulala popote bila hofu ameshapewa nusu ya safari bure.

Lakini nilipofikiri zaidi, nikaona maneno yake hayaniambii nibaki nyumbani. Yananiambia nipange vizuri, na nisijitie ushujaa. Basi nimepanga upya, tena pamoja naye. Tutakwenda watu watano, wanawake wawili. Tutasafiri Julai, masika yakiwa yamekwisha na vuli bado. Siku ya kwanza Musoma hadi Makutano. Ya pili, Butiama. Ya tatu tunapumzisha miguu, tunazuru kaburi la Mwalimu pale Mwitongo na makumbusho yake. Ya nne tunateremka Kiabakari kwenye barabara kuu. Ya tano na ya sita, Bunda. Tunaanza saa 12 alfajiri, jua kali linatukuta kivulini, na kabla ya saa 11 jioni tumefika. Kila tunapolala tunapiga hodi kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji, tunajieleza, tunaonyesha vitambulisho. Mkubwa tunampa shikamoo yake kabla ya kuuliza njia. Kila mmoja abebe lita tatu za maji, kofia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, na daftari. Simu zipo, lakini picha haitakuambia udongo wa Butiama unafanyaje kwenye kisigino kilichochubuka.

Na yule mama wa ndoo? Tukikutana naye tumsalimie, tumsaidie kubeba kama ataridhia, na tusimgeuze pambo la sura ya tatu. Kama ana la kusema, atasema. Kama hana, njia ni yake kabla haijawa yetu.

Sidai kwamba miguu inaandika riwaya. Wapo watakaotembea mpaka Cape Town warudi na uongo ule ule. Ila nasema hivi: anayeandika juu ya watu wanaotembea, naye hajatembea, anawasingizia. Mimi nimewasingizia kurasa tisini nzima.

Ukurasa wa 41 nimeuchana. Nitauandika upya Bunda, siku ya sita, kama nitakuwa bado naweza kukaa kitako. Anayebisha asinijibu kwa barua. Aje na viatu.