Ini la maabara peke yake halitoshi

Mtu akianza kuwa na macho ya manjano hapa mashariki mwa Congo, majibu ni mengi kabla hajafika hospitali: malaria, hepatiti, hata karuho. Ni wachache wanaouliza: wiki zilizopita alimeza dawa gani?

Swali hilo ni la lazima. Ini hutengeneza nyongo na kuisukuma kupitia mifereji midogo sana hadi kwenye utumbo. Kuna dawa zinazozuia njia hiyo. Nyongo ikibaki ndani inaharibu ini, ngozi inawasha na mkojo unakuwa na rangi ya chai nzito.

Watafiti huchunguza tatizo hilo kwa chembe za ini la binadamu zinazokuzwa maabarani. Kundi moja linalojulikana, HepaRG, lilipatikana Rennes, Ufaransa, kutoka uvimbe wa ini la mgonjwa mmoja, na likatangazwa mwaka 2002. Chembe hizo hujenga mifereji ya nyongo. Mtafiti anaweka dawa na kuangalia kama njia inafungwa. Hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu nyongo ya panya haina ukali kama ya binadamu, na dawa inaweza kumwacha panya salama kisha ikamdhuru mtu. Bosentani, dawa ya shinikizo la damu kwenye mapafu, huzuia pampu inayotoa chumvi za nyongo, na maabara inaliona jambo hilo.

Lakini si kila dawa inadhuru kwa njia hiyo. Amoksisilini yenye asidi klavulaniki, antibiotiki inayotumiwa sana duniani, huleta manjano kwa watu wachache, na sababu inahusishwa na kinga ya mwili. Chembe za ini zikiwa peke yake hazina kinga hiyo. Tena, manjano yanaweza kutokea wiki kadhaa baada ya vidonge kwisha, wakati mgonjwa ameshavisahau.

Kwa hiyo kazi iliyobaki ni ya nyumbani. Muuguzi anapashwa kuuliza na kuandika jina la dawa na tarehe, kisha kutuma ripoti Kinshasa, kwenye kituo cha kitaifa kinachofuatilia madhara ya dawa. Serikali nayo inapashwa kufikisha fomu hizo hadi Masisi, Fizi na Beni. Kisichoandikwa hapa, hakuna maabara ya Ulaya itakayokigundua kwa niaba ya Wakongomani.