Zipu ya WhatsApp Si Ulinzi

Hapa Mwanza tuna mtindo tunaouita kusaidiana. Mtu anaandika plagini ya WordPress, tuseme ya kuzuia wanaobahatisha neno la siri, au ya kuchuja maoni ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Anaifunga kwenye zipu, anaitupa kwenye grupu la WhatsApp. Kesho inaweza kuwa kwenye tovuti ya shule Nyegezi, ya loji Capri Point, ya wafanyabiashara wa dagaa Mwaloni. Nani ameisoma ndani? Likionekana kosa, sahihisho litamfikiaje kila aliyeipakua?

Huo si ulinzi. Plagini ikishawashwa inafanya kazi kwa mamlaka yaleyale ya WordPress yenyewe: inasoma hifadhidata, inabadili mafaili, inaweza hata kuongeza msimamizi mpya. Ni kama kumkabidhi funguo za duka mlinzi ambaye hata jina lake hujauliza.

Saraka ya WordPress.org ipo, na ni bure. Inataka leseni inayopatana na GPL, maelezo yanayoeleweka, na plagini mpya hukaguliwa na watu kabla ya kupokelewa. Tundu likizibwa, mwenye tovuti anaona sasisho kwenye dashibodi yake.

Wenzangu wanajibu, "Wezi watasoma msimbo wetu." Kwani kwenye grupu hawamo? Auguste Kerckhoffs aliandika mwaka 1883 kwamba mfumo wa siri usitegemee adui kutojua unavyofanya kazi. Miaka zaidi ya 140 baadaye bado tunaficha faili la PHP kama dawa ya mganga.

Hoja yenye uzito ni nyingine: saraka nayo huvamiwa. Kweli. Juni 2024 plagini kadhaa, Social Warfare ikiwamo, zilipachikwa msimbo uliounda wasimamizi bandia, kupitia akaunti za waandishi zilizodukuliwa. Lakini msimbo ulikuwa wazi, watu wa usalama wakauona, plagini zikafungwa. Tangu Oktoba mwaka huohuo waandishi wanalazimika kutumia uthibitisho wa hatua mbili. Zipu yetu ingevamiwa, nani angeifunga?

Wala hili si la Wazungu tu. Maabara ya DHIS2 ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutengeneza programu za takwimu za afya, na kazi za Watanzania zimo kwenye App Hub, saraka ya pamoja ya mfumo huo, na nchi nyingine zinaweza kuzichukua.

Kinachoniudhi zaidi ni hiki. Kichujio kilichoandikwa California hakijui kwamba "ile hela" ni utapeli, wala hakijui tapeli akibadili maneno na kuwa "baba mwenye nyumba". Sisi tunajua, na orodha ya maneno hayo tayari tumeiandika. Imelala kwenye laptopu ya mtu Nyakato, haina leseni, haina jina la mwandishi, na faili linaitwa "final_mpya2".