Redio Mpya, Rejeta Kavu

Haya wandugu, leo hakuna Linux wala PHP. Leo nataka kugombana na watu, na wa kwanza kwenye foleni ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana shemeji yangu aliniletea Vitz yake ya silinda tatu nimwekee redio ya Android. Mnazijua, zile za kioo kikubwa, ramani, kamera ya nyuma, mbwembwe zote. Yeye ni dereva wa teksi za mtandaoni hapa Nairobi na gari lenyewe lilikuwa bado lina mkopo. Kabla hatujaanza nilimwona akifungua boneti na kumimina maji ya bomba kwenye rejeta, kutoka chupa ya soda ya lita mbili. Nikamuuliza, "Shem, hayo maji unaongeza kila lini?" Akanijibu, "Kila asubuhi tu, limezoea." Tukacheka. Jumamosi nzima nikalala chini ya dashibodi na nyaya mdomoni, nikabadilisha hata picha inayotokea redio ikiwaka, ikawa jina la bintiye. Nilifurahi kama mtoto.

Wiki tano baadaye alibeba abiria wa uwanja wa ndege. Karibu na Mlolongo taa nyekundu ikawaka. Aliona afadhali amfikishe mteja kwanza asije akapewa nyota moja. Alimfikisha. Injini haikufika nyumbani. Hedi ilipinda, gasketi ikaungua, maji na oili vikachanganyika vikawa kama chai ya maziwa. Gari lilikaa gereji wiki saba, mkopo haukungoja hata moja. Binti alirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Redio iko nzima mpaka leo, ukiiwasha inaandika jina lake.

Sasa nyinyi wa "gari la Kijapani halifi", karibuni tuongee.

Mimi ni mwandishi wa programu. Kazi yangu nusu ni kuamua kasoro gani irekebishwe leo na gani ingoje, maana saa za kutosha hazipo kamwe. Ukurasa ukiwa na herufi iliyokosewa, utangoja. Hifadhidata isiyo na nakala ya akiba haingoji, hata kama leo inafanya kazi vizuri kabisa. Hilo kila mtu ofisini kwetu analielewa. Lakini wenzangu hao hao wakiingia ndani ya gari, akili inabaki kwenye dawati. Kelele ndogo ya mlango inapelekwa kwa fundi siku hiyo hiyo. Mkwaruzo wa bampa unapakwa rangi kabla ya harusi ya Jumamosi. Oili imekaa miezi kumi na minne, "tutaangalia mwisho wa mwezi". Mwisho wa mwezi upi, haulizwi mtu.

Pesa zikiwa chache huwezi kufanya yote, sikatai. Petroli ilivuka shilingi 200 kwa lita Nairobi mwezi wa Septemba 2023 na hakuna mshahara ninaoujua uliopanda nayo. Ndiyo maana nakasirika. Mwenye pesa nyingi anaweza kukosea mpangilio na bado akaamka na gari. Wewe na mimi hatuna nafasi hiyo. Kwa hiyo kila kitu unachotaka kukilipia kiulize maswali mawili: nikikiacha kitaua nini, na kitanionya kabla ya kuua? Kiti kilichochanika hakiui chochote. Pedi za breki zikiisha nyingi zitapiga kelele kwanza. Maji ya rejeta yanaua injini nzima, na onyo lake ni chupa ya soda kila asubuhi, ambayo sisi tuliigeuza utani.

Hapa kwenye rejeta nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wanapodanganyana. "Maji ni maji." Hapana. Nairobi iko karibu mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na huku juu maji ya kawaida huchemka kwenye digrii 94 hivi, si 100. Ukipanda Timboroa, mita 2,700 na ushee, yanachemka karibu na 91. Injini yako inapenda kufanya kazi kati ya digrii 80 na 95 hivi. Umeona tatizo? Kinachoyazuia yasichemke ni vitu viwili: kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo na kupandisha kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya digrii 115, na kulanti, yale maji ya rangi, ambayo hukipandisha zaidi kidogo na pia huzuia kutu. Kifuniko chenye mpira uliochakaa ni kitu cha shilingi mia chache. Watu wananunua manukato ya kuning'iniza kwenye kioo kwa pesa hizo.

Halafu mfumo huo umefungwa. Gari zima halinywi maji. Likinywa kila asubuhi kuna mahali yanatoka: mpira umepasuka, pampu inavuja, au gasketi imeanza kwenda na maji yanachomwa ndani. Kuongeza maji bila kutafuta yanakotoka ni sawa na kuwasha seva upya kila siku bila kusoma kumbukumbu za makosa. Itawaka, ndiyo. Na maji ya kisima mara nyingi yana chumvi zinazoganda ndani ya mirija ya rejeta kama zinavyoganda kwenye birika lako. Kama kulanti iliyochanganywa tayari ni ghali, nunua ile nzito ukaipunguze mwenyewe nusu kwa nusu na maji ya betri. Nayo usiifungue injini ikiwa moto, utaungua uso. Na lile la methali ya ufa na ukuta, sote tuliliandikia insha shule ya msingi. Kwenye rejeta hatulitumii.

Oili ya injini ni ya kwanza kwenye foleni pamoja na rejeta, lakini hapa nina ugomvi na kibandiko. Kile cha kioo cha mbele kinachosema rudi baada ya kilomita 5,000. Toyota wenyewe kule Japani wamekuwa wakiandika kilomita 15,000 au mwaka mmoja kwa injini za kawaida za petroli, na nusu ya hapo, 7,500 au miezi sita, kwa gari linalotumika vibaya. Kutumika vibaya maana yake safari fupi, vumbi, mwendo wa polepole, kusimama huku injini inanguruma. Yaani Nairobi. Piga hesabu: kilomita 5,000 kwa wastani wa 60 kwa saa ni saa 83 za kazi. Kilomita hizo hizo kwenye foleni, wastani wa 20, ni saa 250. Kilomita ni zile zile, kazi ya injini mara tatu. Kwa hiyo anayetoka Nakuru kila wiki kwa barabara wazi anaweza kwenda zaidi ya kibandiko akiwa na oili nzuri ya daraja linalotakiwa, na mwenye teksi asithubutu. Kijiti cha kupimia ni bure. Kivute kila Jumapili gari likiwa limepoa na liko mahali tambarare. Ni dakika moja, na haihitaji fundi.

Na msiniambie fundi amemwaga kopo zima la lita nne "ili litosheke". Vitz ya silinda tatu inataka lita tatu na kidogo. Oili ikizidi inapigwa povu, na povu halilainishi kitu. Kinachobaki weka butini cha kuongezea, tayari umeokoa pesa. Filta ya oili usiiruke, ni upumbavu kumwaga oili safi kupitia uchafu wa zamani. Filta ya hewa unaweza kuikung'uta mara moja mbili ikiwa haijachanika.

Mafuta ya breki ndiyo yanayosahauliwa kabisa, kwa sababu hayapungui haraka. Yako palepale kwenye kikopo, meusi kama kahawa, na mwenye gari anaona yametosha. Lakini mafuta hayo hunyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye digrii 205 au zaidi, na ikishanyonya maji kipimo chake cha chini ni 140. Sasa shuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, watu watano ndani, viazi nyuma, mguu haujatoka kwenye breki. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na kanyagio linaenda mpaka chini bila gari kusikia. Kubadilisha ni mara moja kila miaka miwili, chupa ya nusu lita au lita moja na jioni moja ya fundi. Kwa watu wa Mombasa, na ile hewa yenu ya jasho, msingoje hata miaka miwili iishe. Hili silipimi kwa bei ya gari. Humo ndani kuna watu.

Giaboksi nitapita haraka. Fielder na Note nyingi zilizotoka Japani zina CVT, na CVT inataka mafuta yake, yaliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akikuambia "ATF ni ATF", chukua ufunguo wako uondoke. Ni afadhali uchelewe kubadilisha miezi miwili ukitafuta pesa ya mafuta sahihi kuliko kuweka mabaya leo. Na wenye Subaru za injini ya EJ: ule mkanda wa taimingi una umri, takriban kilomita 100,000, na ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Umenunua gari la mtumba lenye miaka saba, hujui historia yake, kilomita za dashibodi huziamini. Badilisha kwanza, uliza maswali baadaye. Wenye Toyota ndogo za cheni mnaweza kulala.

Na pesa itoke wapi? Itoke kwenye takataka mnazouziwa. Dawa ya kusafisha injini ndani, chupa ya kuongeza nguvu ya petroli, dawa ya kusafisha nozeli kila sevisi, kuoshwa injini kwa presha ili ing'ae. Kuna gereji moja, jina sitalitaja, iliyonitoza kubadilisha mafuta ya usukani. Gari langu ni Vitz ya 2008. Usukani wake unaendeshwa na mota ya umeme. Hauna mafuta. Nilimwomba fundi anionyeshe alikoyatia, akaenda kutafuta bosi, bosi naye akaenda kutafuta fundi.

Siwatukani mafundi wote. Yule aliyelitengeneza gari la shemeji, pale pale kando ya barabara chini ya mwembe, alipima hedi kwa rula na kioo cha dirisha kabla ya kuipeleka kukwanguliwa, na akakataa kuifunga kabla pampu mpya haijanunuliwa. Huyo ni mhandisi, hata kama hana cheti.

Najua nitakachojibiwa: hayo ni maneno ya watu wa ofisi, maskini anakula kwanza. Basi nenda stejini ukawaangalie watu wa boda. Mtu mwenye Boxer, anayelaza mia chache kwa siku, anabadilisha oili yake ya lita moja bila kukumbushwa, mbele ya duka la spea, dakika kumi. Anajua bila pikipiki hakuna ugali. Hajasoma kuliko wewe na hana pesa kuliko wewe. Alichonacho ni kwamba anakiona chombo chake kama kazi. Wewe unakiona kama suti.

Kwa wapenda vifaa, maana najua mko hapa. Vitz nyingi hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu na nyekundu tu, na nyekundu huja mambo yameshaharibika. Nunua kile kidude cha ELM327 cha Bluetooth, chomeka chini ya usukani, soma joto kwenye simu. Ombi ni 0105, jibu ni baiti moja, toa 40, hiyo ndiyo digrii. Baadhi ya magari ya soko la Japani hukataa kuzungumza mpaka uyapangie itifaki yake kwa mkono, kuweni na subira. Kumbukeni tu kwamba maji yakiisha kabisa kipima joto kinabaki hewani na kinaweza kukudanganya, kwa hiyo kidude hakiondoi kazi ya kufungua boneti.

Shemeji sasa ana kidude chake. Nimemwandikia programu ndogo kwenye ile ile redio: joto likipita digrii 102 muziki unakatika na sauti inamwambia simama. Alilalamika kwamba abiria watashtuka. Nikamwambia acha washtuke, na hiyo nyota moja nitailipia mimi.