Homa ya ndege: wa kupimwa kwanza ni aliyemshika kuku

Januari 2017, ndege wa majini walionekana wakielea wamekufa katika ghuba ya Lutembe, karibu na Entebbe, Uganda. Kuku na bata wa wafugaji nao wakafa huko Masaka. Vipimo vilionyesha homa ya ndege, aina ya H5N8. Kenya ikapiga marufuku kuku na mayai kutoka Uganda, lakini ndege wa porini hasubiri kibali cha mpakani. Ziwa Victoria ni hilo hilo, na upande wetu wa Kenya lafika Homa Bay.

Ndiyo maana nikiuwaza ugonjwa huu, mawazo yangu huenda Rodi Kopany kabla ya Nairobi. Mji huo mdogo uko njia panda: barabara moja yashuka Homa Bay, nyingine yaenda Rongo upande wa Migori, ya tatu yaelekea Ndhiwa hadi Karungu. Kuku aliyenunuliwa mahali kama hapo asubuhi, jioni anaweza kuwa kaunti nyingine ndani ya tenga. Mtu akiugua siku tano baadaye, nani atakumbuka kuku yule alitoka boma gani?

Kuku wakithibitishwa kuwa na homa hiyo, wachunguzi hutakiwa kuandika majina ya wote waliowagusa: mfugaji, mchuuzi, mchinjaji, mama aliyenyonyoa manyoya, mtoto aliyefagia banda. Watu hao hufuatiliwa kwa siku kumi hivi tangu walipomgusa kuku mara ya mwisho. Mwenye homa, kikohozi au macho mekundu huchukuliwa sampuli ya pua na koo mapema, kwa maana virusi havikai mwilini vikingoja.

Hata asiyeumwa ana habari ya kutoa. Kwa miaka mingi ilidhaniwa H5N8 haimpati binadamu, na Uganda hakuthibitishwa mgonjwa hata mmoja. Kisha Februari 2021 Urusi ikatangaza wafanyakazi saba wa shamba la kuku walioambukizwa. Hali zao hazikuwa mbaya. Walijulikana kwa sababu walipimwa. Aina ya H5N1 ni kali zaidi: tangu 2003 imethibitishwa kwa zaidi ya watu 900 duniani, na karibu nusu yao walifariki. Djibouti, jirani yetu wa Pembe ya Afrika, ilipata mgonjwa wake mwaka 2006, naye alikuwa mtoto mdogo.

Kenya ina kitengo cha pamoja cha wizara ya afya na ile ya mifugo kwa magonjwa yanayotoka kwa wanyama, na maabara tunazo. Mimi naona kinachokosekana ni mfugaji kuwa na sababu ya kusema. Kuku wakifa kumi usiku mmoja, wengi husema ni kideri, na walio hai huuzwa haraka kabla hawajafa. Tusiwalaumu. Mama mwenye kuku kumi na watano ana ada ya shule bandani. Akiripoti, kuku wote wataangamizwa. Asipolipwa, mwaka ujao hataripoti, wala jirani yake. Orodha ya waliomgusa kuku itakuwa tupu tangu mwanzo.

Kwa hiyo fidia ya kuku si hisani. Ni gharama ya uchunguzi wa afya ya binadamu, kama vile pamba na chupa za sampuli, na inafaa kutengwa kwenye bajeti ya kaunti kabla kuku hawajafa.

Nasi wa pwani tusijione mbali. Kila mwaka ndege kutoka Ulaya na Asia hutua hori ya Mida, mdomo wa Sabaki na delta ya Tana, na kuku wetu wa kienyeji hawana ukuta. Mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Waulizeni wawakilishi wenu wa wadi: kuku wakifa Garsen au Gongoni, mfugaji ampigie nani simu, na atalipwa nini?